Barua ya Kuhama Kozi

Siku majibu ya vyuo yalipotoka nilikuwa uani kwetu Kamachumu, ninageuza kahawa kwenye turubai pamoja na shangazi yangu. Ujumbe uliingia kwenye simu. Niliusoma nikiwa nimechuchumaa, nikausoma tena nikiwa nimesimama, kana kwamba kusimama kungebadilisha maneno. Nilikuwa nimepata chuo, tena hapo hapo Bukoba, lakini si sheria niliyoiomba. Nilikuwa nimechaguliwa kusoma ualimu, masomo ya kufundishia yakiwa Jiografia na Kiswahili.

"Wamekupa nini?" shangazi aliuliza huku akiendelea kugeuza kahawa.

"Ualimu."

"Ualimu ni kazi."

"Shangazi, mimi niliomba sheria."

"Nimesikia. Na ualimu ni kazi."

Lazima nieleze habari za shangazi huyu, maana bila yeye sheria isingenijia kichwani. Ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa Kagoma, akakaa na mumewe miaka mingi bila kupata mtoto, na mume alipofariki ndugu zake walimwambia kwamba kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ni mali ya ukoo wao. Yeye ndiye aliyekuwa akikipalilia na kukitandazia nyasi tangu alipofika pale akiwa bibi harusi. Alikwenda kulalamika barazani, na mimi niliyekuwa darasa la nne nilimsindikiza kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Ninakumbuka shangazi akijibu maswali kwa Kihaya na mtu mmoja akimtafsiria, na tafsiri kila mara ikiwa fupi kuliko maneno yake. Hata kwa akili yangu ya utoto niliona kwamba alisema mengi na yakafika machache. Alishindwa. Alirudi kwetu na beseni, mikeka miwili na jembe, akapewa chumba cha nyuma. Jioni ile ile nilimtangazia kila mtu nyumbani kwamba nitakuwa wakili.

Nikakua nikilisema hilo. Baba alilisema kwa jirani, walimu walilisema kwa wageni waliotembelea shule. Kwa hiyo nilipofika chuoni na sanduku langu, nilifika kama mtu aliyepelekwa kwenye nyumba isiyo yake na kuambiwa akae tu, wenyewe watakuja.

Chumba cha hosteli kilikuwa cha watu wawili. Mwenzangu alikuwa msichana wa Buganguzi, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa bonde, na alikuwa amechaguliwa kozi ile ile yangu. Tofauti ni kwamba yeye aliitaka. Alibandika ratiba ya vipindi ukutani kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, akachora ua kwenye kila kipindi cha Jiografia. Mimi sikubandika kitu. Wiki ya pili niliandika barua kwa msajili kuomba kuhamia sheria. Niliipeleka kwa mkono. Dada wa ofisini aliigonga muhuri, akaniambia nisubiri.

Nilisubiri kwa namna ya ajabu. Vipindi vyetu nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lililotazama njia ambayo wanafunzi wa sheria walipita Ijumaa wakiwa na mashati meupe na suti nyeusi, wakienda kufanya mazoezi ya kusimamia kesi. Niliwatazama kama mtoto anayetazama harusi kupitia uzio. Baadaye nikaanza kuingia vipindi vyao kwa kujificha katikati ya umati. Niliandika kila neno. Kipindi cha tatu au cha nne, mkaka mmoja aliyekaa pembeni yangu aliangalia daftari langu lilivyojaa, akaniuliza kama nina ndugu jaji.

"Sina," nilimjibu. "Ninapenda tu."

"Tubadilishane basi," alisema. "Mimi nilitaka uhandisi. Baba ndiye aliyetaka wakili."

Nilicheka, ila yeye hakucheka. Aliendelea kuchora daraja pembeni ya ukurasa wake, daraja zuri lenye nguzo na kamba, huku mhadhiri akizungumzia mikataba.

Kwenye kozi yetu kulikuwa na mhadhiri wa ramani, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye koti moja la kahawia ambalo hakulivua hata siku za jua. Alitupa kazi ya kwanza: kila mmoja achore kutoka kichwani njia ya kwenda mahali walipochota maji nyumbani kwao. Nilichora mstari, nyumba upande huu, kisima upande ule, nikaipeleka ndani ya dakika kumi. Ilirudi ikiwa na maandishi ya wino mwekundu: "Hapa unapanda au unashuka?"

Swali lile lilinikera kuliko kosa. Nilikuwa nimeipita njia ile na ndoo kichwani maelfu ya mara, na nilipojaribu kukumbuka ni wapi hasa mteremko unaanza, sikujua. Miguu ilijua, kichwa hakikujua. Likizo ya Krismasi nilikwenda nyumbani nikashuka ile njia na daftari, nikihesabu hatua. Shangazi aliniona kutoka mgombani.

"Umepoteza nini?"

"Natafuta mteremko."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Watu wa chuo," alisema. "Haya, unaanzia pale kwenye mti wenye mizizi ya nje. Kila mtu aliyewahi kumwaga maji anajua."

Nilirekebisha ramani. Sitaki kusema kwamba siku ile niliipenda kozi. Niliiona tu, kama unavyomwona mtu ambaye umekuwa ukimpita bila salamu.

Chuoni maisha yaliendelea, na sehemu kubwa ya maisha yale ilikuwa mwenzangu. Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mlutheri. Jumapili kila mmoja alishika njia yake, na aliyetoka kanisani mapema ndiye aliyepika. Misa yetu ilikuwa fupi kuliko ibada yao, kwa hiyo mara nyingi nilipika mimi, na alirudi akiimba nyimbo za kwaya ngazi nzima, akafunua sufuria kabla ya kuvua viatu. Tulipika ndizi kwa maharage, tukatia mafuta ya samli aliyoyaleta kutoka kwao kwenye chupa ya soda. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wanafunzi wa hosteli nzima tulikaa asubuhi kwenye ngazi na mabeseni, tukinyofoa mabawa na miguu, watu wa mikoa mingine wakipita na kuziba pua kwanza, kisha baada ya wiki mbili wakija wenyewe na vikombe kuomba. Leo nikisikia harufu ya senene wanaokaangwa, ninaona ngazi zile zenye nyufa na mvua ya Bukoba ikianguka uani, nzito, bila haraka ya kwenda kwingine.

Lakini wakati ule sikujua kwamba nina furaha, na mwenzangu alichoka nami. Ilikuwa mwanzoni mwa semista ya pili. Nilikuwa nimelala, uso ukutani, na zilikuwa zimebaki dakika tano kipindi kianze.

"Amka," alisema.

"Leo siendi."

"Jana pia hukwenda."

"Barua yangu itajibiwa. Kuna faida gani?"

Akavuta kiti, akakaa. Nilidhani atanibembeleza kama kawaida yake. "Nisikilize," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. "Mimi kozi hii niliiomba. Niliiandika ya kwanza. Kila asubuhi ninaamka kwenye chumba kimoja na mtu anayeililia kama aliyefiwa, na ninaona aibu kuwa na furaha mbele yako. Sasa mimi pia nimechoka."

Alikwenda kipindini peke yake. Tulikaa siku tisa tukisalimiana tu. Tulipika kwenye sufuria mbili.

Siku ya kumi aliamka akitetemeka. Nilidhani ni baridi, nikamfunika blanketi langu juu ya lake, lakini nilipomgusa shingo ilikuwa ya moto. Nilimpeleka hospitali mjini, yeye katikati na mimi nyuma yake kwenye bodaboda moja nikimshikilia asianguke. Ilikuwa malaria, kali, na walimlaza. Alipopata nguvu ya kuzungumza, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba majaribio ya Jiografia yangekuwa wiki inayofuata, na macho yakamjaa machozi.

"Nitakuandikia vipindi," nilisema.

"Wewe?"

"Mimi."

Kwa hiyo nilikaa mstari wa mbele. Sikukaa kwa ajili yangu, na labda ndiyo sababu niliweza. Nilijua kwamba jioni nitaulizwa, tena na mtu anayejua kuuliza, kwa hiyo kila nilipoona kitu hakieleweki nilinyoosha mkono. Mhadhiri wa koti la kahawia alinitazama mara ya kwanza kama mtu aliyeona kiti kikizungumza. Saa za kutembelea wagonjwa zilipofika nilikuwa tayari kando ya kitanda, daftari magotini.

Siku ya tatu nilikuwa ninamweleza habari za mvua: jinsi upepo unavyopita juu ya ziwa ukijibebea unyevu, ukifika ufukweni unakutana na vilima, unalazimika kupanda, unapoa, na maji yote yanaangukia huku kwetu kabla ya kufika mbali. Nilieleza kwa mikono, mto wa kitanda ukiwa kilima. Sikujua kwamba wodi imenyamaza. Mama mmoja wa kitanda cha pili, mtu mzima aliyejifunga kitenge kichwani, alijiinua kwa kiwiko.

"Waitu, mwenzetu, rudia hapo," alisema. "Ukifika kwenye kilima unafanyaje?"

Nikarudia, safari hii nikichanganya Kihaya, maana niliona Kiswahili changu cha darasani kinamkimbia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe!" alisema. "Mimi niliolewa huku Muleba upande wa ziwa, mahindi yangu yanaoza kwa maji. Dada yangu yuko Karagwe, kila mwaka analilia mvua. Nimekuwa nikisema yeye hasali."

Wodi nzima ilicheka, hata muuguzi. Mama mwingine akauliza mbona basi ukungu unakaa asubuhi bondeni na si juu. Sikujua. Nilimwambia sijui, nitauliza. Na kesho yake kweli niliuliza, nikarudi na jibu, na walikuwa wananisubiri.

Mwenzangu alinitazama kutoka kwenye mto akiwa amekonda mashavu. "Unajiona?" aliniuliza.

"Nimefanya nini?"

"Basi. Endelea tu."

Majaribio yale alifaulu kunizidi, na alinitania kwa hilo muda mrefu. Tulirudi kwenye sufuria moja bila kulizungumza.

Mwaka wa pili tulikwenda fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, tukapangwa shule ya sekondari upande wa Buganguzi, tukalala kwao mwenzangu. Mama yake alituamsha kwa chai ya maziwa na viazi, akatukagua nguo kama askari kabla hatujatoka. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Nilipofika kwenye kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, niliona macho yao yanakufa. Kesho yake nilichukua kiazi kikubwa kutoka jikoni kwa yule mama, nikakikata vipande vya mlalo mbele yao, nikaweka kila kipande ubaoni na kuzungushia chaki, kimoja ndani ya kingine. Msichana mmoja aliyekuwa hajawahi kusema neno aliinuka bila kuitwa, akawageukia wenzake, akawaeleza upya kwa Kihaya, upesi upesi, akionyesha kwa kidole mlima unaoonekana dirishani. Alipomaliza alishtuka kujiona amesimama. "Samahani, madamu," alisema akaketi. Nilimwambia aje mbele aeleze tena. Jioni ile nilitembea hadi nyumbani nikiwa ninazungumza peke yangu.

Ni baada tu ya fildi ndipo nilipoitwa ofisi ya msajili. Dada yule yule aliniambia ombi langu limekubaliwa, kuna nafasi sheria, ila ningeanza mwaka wa kwanza upya. Nitoe jibu kufikia Jumatatu. Akanikabidhi barua. Niliisubiri karibu miaka miwili, na sasa ilikuwa imefika kama mgeni aliyekosea siku.

Ijumaa nilikwenda nyumbani. Baba alisoma barua, akairudisha, akasema ni mimi ninayesoma. Mama alisema ataomba. Nikamfuata shangazi mgombani alipokuwa anakata majani makavu, nikamsomea barua yote, nikimtafsiria neno kwa neno. Nilihakikisha tafsiri haiwi fupi.

Aliendelea kukata. "Sasa unataka niseme nini?"

"Shangazi, nilikuahidi."

"Uliniahidi mimi?"

"Siku ile tuliporudi kutoka barazani. Nilisema nitakuwa wakili."

Alisimama, akapangusa kisu kwenye gauni. "Mwanangu, siku ile ulikuwa mtoto wa darasa la nne. Nilifurahi, nikakupa ndizi mbivu, nikasahau. Kile kibanja nililia nikamaliza. Hapa baba yako alinipa mahali pa kulima, na migomba hii unayoiona nimeipanda mimi. Wewe ndiye hujamaliza kulia."

Nilihisi hasira, nakiri, kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima kisha mwenye mzigo akasema si wake.

"Ukitaka sheria, nenda," aliendelea kwa sauti ya upole. "Wanawake wanaolia bado wapo, watakushukuru. Lakini nenda kwa sababu unaitaka. Usiende kwa sababu yangu. Mimi nitakuwa nimekufa na wewe bado unaamka kila asubuhi kwenda kazini."

Jumamosi yote nilizunguka. Nilijiuliza kama ninaitaka sheria au ninautaka ule utoto wangu, ile jioni ambayo watu wazima walinyamaza wanisikilize. Kila nilipofikiria kuanza upya, nilichokiona kwanza ni vitu vidogo: mto wa hospitali, kiazi, yule msichana na kidole chake, ngazi zenye mabeseni. Jumatatu niliandika kwamba ninashukuru na kwamba nitaendelea na kozi yangu. Dada wa ofisini alisoma, akanitazama juu ya miwani. "Una uhakika? Watu wanalia hapa kuitafuta hii." Nilimwambia nina uhakika. Haikuwa kweli kabisa. Nilipotoka nje nilikutana na wale wenye suti nyeusi, na moyo uliniuma kama zamani. Bado huniuma kidogo nikipita mahakamani.

Mwenzangu nilimkuta anafua. Nilipomwambia, alinirushia maji ya sabuni usoni, akapiga kelele watu wakatoka vyumbani wakidhani ni nyoka.

Sasa ninafundisha Muleba, na ni kazi ninayoipenda siku nyingi, si zote. Mwenzangu alifundisha miaka minne akaacha. Ana duka la vitambaa Mwanza na amenawiri. "Kusoma ualimu nilikupenda," huniambia. "Kufundisha ndiko kulikonishinda." Sisi wawili hatujaweza kueleza ilikuwaje yeye aliyeitaka akaacha, mimi nikabaki.

Mwaka huu tulikutana Bukoba kwenye harusi, na kabla ya kuachana alinishawishi tupite hosteli tukaone chumba chetu. Mlango ulifunguliwa na msichana aliyesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama kichaka. Mwenzake aliyekuwa akimsuka alikuwa amekimbilia kipindini katikati ya kazi. Tulijieleza, tukacheka sote, akatukaribisha tukae kitandani. Mwenzangu alimuuliza anasoma nini.

"Uhasibu," alisema, na uso ukabadilika.

"Hukuutaka?" nilimuuliza kwa upole, nikidhani ninaijua habari hiyo.

"Niliutaka. Niliuandika wa kwanza, nikaupata. Nimefika, siupendi." Alitazama sakafu. "Wenzangu waliopangiwa wana wa kumlaumu. Mimi nimlaumu nani?"

Miaka yote hii wanafunzi wangu wananiuliza wachague kozi gani, na nimekuwa na maneno tayari. Pale sikuyaona. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Mwenzangu alivua viatu, akapanda kitandani nyuma ya yule msichana, akachukua kitana kilichokuwa dirishani.

"Inamisha kichwa," alimwambia. "Tuanzie hapa pembeni. Haya, tueleze, imekuwaje?"

Msichana akainamisha kichwa, akaanza kueleza.